Mlonge, ubuyu na jogoo anayehema: mwongozo kamili wa kulinda mbegu za jogoo msimu wa joto

Kuanzia Desemba hadi Machi, wafugaji wa Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa na Mombasa huwa na kilio kimoja: mayai yanaingia kwenye mashine ya kutotolesha kwa wingi, vifaranga vinatoka vichache. Lawama huanzia kwenye mashine. Fundi anaitwa, thermostati inabadilishwa, na trei inayofuata inatoka vilevile, nusu yake mayai meupe yasiyo na kitu ndani. Wakati huo jogoo yuko bandani, mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili, anahema tangu saa 5 asubuhi, na hakuna aliyemtazama.

Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye kundi la kuzalisha vifaranga, liwe la kuku 10 au 300. Mimea yenye antioksidanti, yaani viambato vinavyolinda seli zisiharibiwe, inasaidia, na nitaeleza namna ya kuitumia kwa vipimo. Ila niseme mapema kwamba nimeiweka hatua ya nne kwa makusudi. Anayeanza na unga wa majani huku banda linachemka na mashudu yamechacha anapoteza majani yake.

Kinachoharibu mbegu ni nini

Utando unaofunika mbegu ya jogoo umejengwa kwa mafuta yasiyoshiba, na ndiyo yanayoufanya uwe laini na mbegu iweze kuogelea. Mafuta hayohayo ndiyo udhaifu wake. Ndani ya kila seli hai huzalishwa chembe huru za oksijeni, ambazo hazitulii mpaka zimenyang'anya kitu kutoka kwa molekuli ya jirani. Zikiuvamia utando huo, mafuta yanachacha, utando unakakamaa, mkia unalegea, na vinasaba vilivyobebwa kichwani hukatika. Mbegu iliyokwisha kukomaa haina uwezo wa maana wa kujikarabati.

Mwili una walinzi wake. Vitamini E hukaa ndani ya utando wenyewe, vitamini C hufanya kazi kwenye majimaji, na kuna vimeng'enya ambavyo bila madini ya seleniamu havifanyi kazi. Karotini na rangi nyingine za mimea huongeza nguvu. Umuhimu wa vitamini E kwa uzazi si habari mpya: mwaka 1922 huko California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliigundua kwa kuona panya waliokosa kitu fulani katika chakula wakishindwa kuzaa.

Jogoo ana shida ya ziada. Korodani zake hazining'inii nje kama za beberu. Zimo ndani, zimegandamana na uti wa mgongo karibu na figo, katika mwili ambao joto lake la kawaida ni nyuzi 41 hivi. Hewa ya banda ikipita nyuzi 30, na unyevu wa pwani ukazuia pumzi kumpoza, joto la ndani linapanda, chembe huru zinaongezeka. Hapohapo anaacha kula, kwa hiyo vitamini zinapungua siku zilezile anapozihitaji zaidi.

Mionzi hufika palepale kwa njia nyingine. Eksirei na gama hupasua maji yaliyomo ndani ya seli, na vipande vinavyobaki ni chembe huru kali kuliko zote. Baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, Anders Møller, Timothy Mousseau na wenzao waliwachunguza mbayuwayu wanaozaliana eneo lile. Walikuta mbegu zenye kasoro zikiwa nyingi kuliko za mbayuwayu wa sehemu safi, na akiba ya antioksidanti mwilini ikiwa ndogo. Mbayuwayu wa aina hiyo ndio wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kwetu wakati Ulaya kuna baridi. Ndiyo maana tafiti zinazojaribu mimea dhidi ya madhara ya mionzi zina faida kwa mfugaji ambaye hataiona mionzi hiyo maishani: adui wa mwisho ni yuleyule, chembe huru.

Kuna wanaouliza kuhusu minara ya simu. Mawimbi yale hayana nguvu ya kupasua molekuli ya maji, kwa hiyo usihamishe banda kwa sababu hiyo. Na mionzi ya jua inayobabua ngozi haifiki kwenye korodani. Kinachofika ni joto.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa chochote

Kundi likitotolesha vibaya, tatizo linaweza kuwa la jogoo, la ghala la mayai, au la mashine. Usipotenganisha haya matatu utatibu kisichoumwa.

Kusanya mayai ya siku chache, andika tarehe kwa penseli, yaingize mashineni. Siku ya 7 usiku, yamulike kwa tochi kwenye giza. Yai lenye uhai lina mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui na doa jeusi linalocheza. Yai jeupe litoe, lakini usilihesabu kuwa halina mbegu bado. Livunje kwenye sahani uangalie kiini. Ukiona duara la damu au ngozi nyembamba iliyoanza kutanda juu ya kiini, yai lilirutubishwa na kifaranga akafa mapema. Ukiona kidoa cheupe tu, kidogo na kisicho na umbo, hilo jogoo hakulifikia, au alilifikia na mbegu hazikuweza.

Tofauti hiyo ndiyo kipimo chenyewe. Tuseme umeingiza mayai 120, na baada ya kuvunja meupe yote umepata 30 yasiyo na mbegu kabisa. Yaliyorutubishwa ni 90, yaani asilimia 75. Kwa kundi changa mimi hutaka asilimia 90 na zaidi. Chini ya asilimia 80 naanza kumtazama jogoo. Kama yaliyorutubishwa ni mengi ila vifaranga vinafia ndani, mwache jogoo apumzike, angalia uhifadhi na mashine.

Kuhusu uhifadhi, pwani tunaua vifaranga wengi sana hapa. Kifaranga ndani ya yai huanza kukua joto likizidi nyuzi 21 hadi 24 hivi, na chumba cha kawaida Dar es Salaam mwezi wa Februari kina zaidi ya hapo mchana na usiku. Yai linaanza safari, linasitasita, linakufa. Okota mara tatu kwa siku, weka mahali baridi kuliko pote nyumbani, ingiza ndani ya siku 4. Ushauri wa siku 7 ni wa wenye chumba cha nyuzi 15 hadi 18.

Mkague pia jogoo mwenyewe, mkononi. Mshike asubuhi, pitisha vidole kifuani kusikia kama ni mnene kupita kiasi au mfupa umechongoka. Geuza nyayo uone majipu. Fumua manyoya yanayozunguka tundu la nyuma utafute utitiri na chawa. Jogoo mwenye maumivu ya mguu hapandi, hata umpe mlonge wa kijiji kizima. Akizidi miaka miwili nguvu za uzazi huanza kushuka, na hilo halina majani ya kulitibu. Uwiano uwe jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10.

Hatua ya 2: Shusha joto

Ning'iniza kipimajoto usawa wa kichwa cha kuku, si juu ukutani, kisha kisome saa 8 mchana. Bandani chini ya bati lisilo na dari utashangaa. Paka bati chokaa nyeupe upande wa juu kabla ya Desemba, au tandika makuti juu yake. Ukuta wa pande mbili ndefu uwe wavu kuanzia kama futi mbili kutoka chini, na urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ubavuni. Msimu wa joto usizidishe kuku wanne kwa mita moja ya mraba.

Maji ndiyo dawa ya haraka kuliko zote. Bomba jeusi linalopita juani hutoa maji ya kuunguza, na kuku hawanywi maji ya moto. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hufanya kazi nzuri. Badilisha maji saa 4 na tena saa 8.

Chakula kitoke mbele yao saa 5 asubuhi kirudi saa 10 jioni, kwa sababu kusaga chakula huongeza joto mwilini. Fidia kwa kuwalisha alfajiri saa 11, taa ikiwepo. Jioni ndipo jogoo hupanda zaidi, mitetea mingi ikiwa imeshataga, kwa hiyo banda likipoa saa 10 umeokoa siku yote.

Hatua ya 3: Toa adui kwenye chakula

Sehemu hii huwa inarukwa, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote.

Anza na kuchacha. Chota mashudu ya alizeti kiganjani, sugua kwa kidole gumba mpaka yapate moto, nusa. Mazuri yananukia karanga. Yaliyochacha yana harufu kali ya rangi ya zamani au sabuni ya kipande, na ukionja kidogo ulimi unakwaruza. Fanya vivyo hivyo kwa dagaa na pumba za mpunga, ambazo huchacha upesi kuliko watu wanavyodhani. Mafuta yaliyochacha huingia mwilini na chembe huru zake na kumaliza vitamini E iliyokuwepo. Nunua ya wiki mbili, si ya miezi mitatu, hata bei ya jumla ikikuvutia.

Pili, mashudu ya pamba. Katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza yanapatikana kwa bei nafuu na yana protini nyingi. Yana pia gosipoli, sumu ya asili ya mpamba inayozuia utengenezaji wa mbegu za kiume. Nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba miaka ya 1970 watafiti wa China waliijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Kwenye mayai nayo huharibu rangi ya kiini yakihifadhiwa. Wape ng'ombe. Jogoo wa mbegu asiyaonje.

Tatu, ukungu. Mahindi yaliyoanikwa vibaya hubeba sumukuvu, ambayo huharibu ini, na ini ndiko vitamini nyingi huhifadhiwa. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Yale mahindi "ya kuku" yanayouzwa nusu bei kwa sababu binadamu hawezi kuyala ndiyo haya. Kupepeta na kuchemsha hakuyasafishi.

Nne, na hapa najua nitapingwa: mitishamba mnayowapa kila wiki. Mwarobaini ni dawa ya kila banda Afrika Mashariki, ila kwa panya dume majaribio yameonyesha majani yake hupunguza mbegu na nguvu zake. Mbegu za papai, tunazozisaga kutibu minyoo, zimejaribiwa kwa panya na kwa nyani wa India zikasimamisha uzalishaji wa mbegu kwa muda. Simaanishi ung'oe mwarobaini. Namaanisha jogoo wa kuzalisha asinywe maji ya mwarobaini kila siku kama kinga, na minyoo atibiwe kwa dawa ya duka la mifugo kwa kipimo cha uzito wake. Mmea kuwa wa asili hauuzuii kuwa na sumu.

Hatua ya 4: Majani ya mlonge

Ningeambiwa nichague mmea mmoja, ni huu. Majani makavu ya mlonge yana protini ya robo ya uzito wake au zaidi, karotini, vitamini E, na flavonoidi kama kwesetini, ambazo nazo ni antioksidanti. Yanapatikana pwani hadi bara, na mti ukikatwa unachipua.

Kata matawi asubuhi umande ukishakauka. Chagua majani yaliyokomaa, ya kijani kibichi, acha ya njano. Suuza kwa maji safi, kung'uta, kisha chambua majani madogo ukitupa vikonyo, maana vikonyo ni nyuzi tupu. Tandaza kwenye wavu au chandarua kisafi ndani ya chumba chenye hewa au chini ya mwembe, tabaka jembamba ambalo unaona wavu chini yake. Geuza asubuhi na jioni. Usianike juani. Jua linakausha kwa siku moja, kweli, na linaunguza karotini na vitamini ulizozifuata. Unabaki na nyasi za bei ghali.

Baada ya siku 3 au 4 bana majani kiganjani. Yakivunjika kwa sauti na bado ni ya kijani, yako tayari. Yakikunjika bila kuvunjika, yaache, la sivyo yataota ukungu guniani. Yakiwa ya kahawia, yafanye mbolea. Twanga, chekecha, funga kwenye ndoo yenye mfuniko au mfuko usiopitisha mwanga, na tumia ndani ya miezi miwili. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya unga.

Kipimo: kilo 5 za unga kwa kilo 100 za chakula. Zipishe kwa kupunguza kilo 3 za pumba na kilo 2 za mashudu, usiguse mahindi wala premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Jogoo anayekula gramu 120 kwa siku atapata gramu 6, kama kijiko cha chakula kimoja. Wiki ya kwanza weka kilo 2 tu wazoee ladha. Kabla ya kuchanganya na fungu lote, changanya unga huo na kilo 10 za pumba kwanza, koleo likigeuza mara kadhaa, ndipo umwage kwenye rundo kubwa. Vinginevyo kuku mmoja anakula kijiko na mwingine hapati.

Usipande kupita hapo kwa tamaa. Mlonge una tanini na saponini, kemikali chungu za mimea, na ukikaribia kilo 10 kwa 100 kuku hula kidogo, hupungua uzito, unarudi ulikoanzia. Tumia majani tu; mizizi na magome yana sumu, na mbegu si chakula cha kuku. Mwenye kuku watano wa kuzurura hahitaji haya yote. Afunge kishada kibichi kwenye kamba usawa wa shingo kila asubuhi, wadonoe, jioni atoe kilichonyauka. Faida utakayoiona mapema ni kiini cha yai kugeuka njano iliyokolea. Hiyo ni karotini, na haithibitishi lolote kuhusu jogoo.

Seleniamu majani hayaleti kwa uhakika. Inatoka kwenye premiksi ya kuku wazazi, na kipimo chake hakichezewi kwa sababu ikizidi ni sumu. Fuata lebo.

Ubuyu kwa siku za joto kali

Kuku hujitengenezea vitamini C kwenye figo, lakini joto likizidi anatumia kuliko anavyotengeneza. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa, uzito kwa uzito. Koroga vijiko 2 vya chakula kwenye lita moja ya maji baridi, chuja, wape kati ya saa 5 na saa 9 mchana, kisha mwaga yaliyobaki, kwani vitamini C ndani ya maji haikai. Tumia chombo cha plastiki au udongo, si cha bati, maana uchachu hula chuma. Siku ya chanjo ya mdondo ya maji usiweke kitu chochote zaidi ya maji safi. Na ubuyu ninaousema ni ule mweupe unaokwanguliwa kwenye kibuyu, si ule mwekundu wa sukari wa wauza pipi.

Manjano nayo ina sifa, na gramu 500 kwa kilo 100 za chakula hazina madhara, ingawa dawa yake kuu hufyonzwa kidogo sana tumboni. Tangawizi, karafuu, kitunguu saumu, habasoda: kila kimoja kina watetezi. Nakushauri usivichanganye vyote kwenye ndoo moja. Antioksidanti nyingi zilizorundikana zinaweza kugeuka na kuzalisha chembe huru zenyewe, na kundi likibadilika hutajua kilichofanya kazi.

Hatua ya 5: Subiri, kisha pima tena

Anayekuuzia unga na kuahidi matokeo ndani ya siku 3 hajui jogoo. Mbegu huchukua takriban siku 14 kutengenezwa, na siku chache zaidi kusafiri mpaka zitoke. Mbegu uliyoilinda leo itatumika baada ya wiki mbili na nusu. Halafu mtetea naye ana vijifuko vya kuhifadhia mbegu, na anaweza kuendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu, kwa mbegu za zamani. Ukipima mayai ya wiki ya pili unapima jogoo wa kabla ya mlonge. Anza kukusanya mayai ya kipimo siku ya 35.

Kama una mabanda mawili, fanya jambo moja zaidi: umri na aina ileile ya kuku, kivuli kilekile, maji yaleyale, banda moja lipate mlonge na jingine lisipate. Pima mayai 100 au zaidi kila upande. Mayai 26 kati ya 30 dhidi ya 24 kati ya 30 ni bahati tu, usiitangaze. Mayai 91 kati ya 100 dhidi ya 74 kati ya 100 inastahili kusikilizwa. Bila banda la kulinganisha, kumbuka kwamba ukianza Machi na kupima Mei, masika imeshaingia na joto limeshuka lenyewe. Mlonge utapewa sifa za mvua.

Ikiwa siku ya 35 asilimia haijasogea, chakula ni safi na banda limepoa, badilisha jogoo. Mtoe wa zamani kabisa, subiri wiki 3 kama unataka kujua vifaranga ni vya nani, kisha weka kijana wa miezi 8 hadi 12 kutoka kundi lisilo na undugu na mitetea yako. Mnunue Septemba au Oktoba, azoee banda na chakula chako kabla joto halijaanza, na mweke wa akiba mmoja kwa kila majogoo watano, banda la pembeni, akila chakula kilekile.